Ghala la Ushirika na Daftari Lake

  Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, wekeni kalamu na karatasi tayari, maana leo tutapiga hesabu kidogo. Habari yetu ni ghala la pembejeo la chama cha ushirika: kwa nini hujaa, kwa nini huwa tupu, na mwanachama aweza kulilinda vipi.

Tuanze mbali. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi, walifungua duka lao. Mali yao ilikuwa haba: siagi, sukari, unga na mishumaa. Miongoni mwa kanuni walizoshika ni kipimo cha haki na kuuza kwa fedha taslimu. Hawakukosa huruma kwa maskini. Wao wenyewe walikuwa maskini. Walijua tu kwamba duka dogo likikopesha, halitakuwa na fedha za kununua mali nyingine.

Sasa twende Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, na Joseph Merinyo akawa kiongozi. Mwaka 1932 Tanganyika ikapata sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 chama kikuu cha KNCU kikaanza. Lakini haja ya mkulima si sawa na haja ya yule mnunuzi wa Rochdale. Mkulima hupata fedha baada ya mavuno, na mrututu wa kunyunyizia mibuni anautaka kabla ya mavuno. Kwa hiyo katika vyama vya mazao ikawa desturi kuchukua dawa leo, na bei yake kukatwa katika malipo ya kahawa. Mpango huo ulifaa maadamu kahawa ilipita mikononi mwa chama.

Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kisha katika miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa. Hapo mwanachama aliweza kuchukua dawa chamani, na kahawa akaipeleka kwingine. Chama kikabaki na deni daftarini na ghala lisilo na kitu.

Twajifunza nini? Kwamba mali ikitoka kwa mkopo haijauzwa bado. Imehama ghalani ikaingia katika daftari la madeni. Basi madaftari hayo mawili yasomwe pamoja.

Haya, tushike kalamu. Mwezi umeanza na mifuko 40 ya mbolea. Imepokewa 120. Jumla ni 160. Hati za kutolea mali zaonyesha mifuko 98. Ghalani ipaswe kuwamo 62. Wajumbe wa kamati wanaingia, wanahesabu kwa mkono, wanakuta 58. Mifuko minne iko wapi? Huenda imeibiwa, huenda ilitolewa bila hati, huenda ilipokewa pungufu tangu mwanzo. Ukiuliza mwezi huu, utapata jibu. Ukingoja mwaka mzima, hakuna atakayekumbuka.

Tena, mali iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Mbegu ya zamani huota vibaya, na dawa ina tarehe yake ya mwisho. Mbolea ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, isije ikavuta unyevu ikagandamana. Na agizo lipelekwe mapema, kwa kutazama daftari la msimu uliopita, kwani mvua haimngoji katibu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa kikundi chako kijadiliane: Je, ghala lenu lilihesabiwa lini mara ya mwisho? Nani alihesabu, na wanachama walisomewa matokeo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.