Kwa Mujibu wa Sheria na kwa Kujitolea

Katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa vijana huwa wa aina mbili. Wako wa "mujibu wa sheria", yaani waliomaliza kidato cha sita na kuitwa na sheria, wapende wasipende. Na wako wa "kujitolea", ambao wameomba nafasi wenyewe, wakasailiwa, wakachaguliwa. Mtu asiyezijua kambi atadhani kwamba moyo wa kutumikia umo katika kundi la pili, na kwamba kundi la kwanza limejaa manung'uniko matupu. Mimi nilipita katika kundi la kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikala ugali na maharage pamoja na kundi la pili, na nasadiki kuwa jambo hili halikuwa rahisi hivyo hata siku moja.

Hebu msomaji atazame matembezi mawili ya vijana kuelekea Ikulu. JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kutokana na wazo la Umoja wa Vijana wa TANU, na mwanzoni lilikuwa la hiari. Mwaka 1966 sheria ikabadilishwa ili wasomi nao waingie: miaka miwili ya utumishi, sehemu yake kambini, na sehemu kubwa kazini huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara wao. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha wote makwao kwa wazazi wao. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walikubaliwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Matembezi ya pili yalikusudiwa miaka 55 baadaye. Mwezi Aprili 2021 vijana 854 wa JKT waliondolewa kambini na kurudishwa makwao, baada ya kugoma na kutaka kwenda Ikulu ya Chamwino kudai ajira jeshini, ambayo walisema waliahidiwa. Hawa walikuwa wa kujitolea! Wale wa 1966 walilalamika kwamba wanashikwa. Hawa wa 2021 walilalamika kwamba wanaachiwa. Sitaki kuwacheka wala hawa wala wale. Kijana aliyebeba zege miaka kadhaa akitazamia kazi si mnafiki kwa sababu tu fomu yake iliandikwa "kujitolea". Lakini neno hilo limebebeshwa mzigo ambao halikuumbwa kuubeba.

Kwetu Izigo, kando ya barabara itokayo Bukoba kwenda Muleba, mzigo huo ni wa zamani kuliko JKT. Babu yangu alipenda kusimulia habari za omuteko, ambazo naye alizipokea kwa baba yake. Katika falme za Buhaya vijana wa rika moja walikusanywa kutoka vijijini wakapelekwa kikale, yaani kwenye makazi ya Omukama. Walikaa huko kwa muda wakifundishwa mila, adabu ya kusema mbele ya wakubwa, na matumizi ya silaha. Na bila shaka walijenga, walichota maji, walibeba mizigo. Mzazi hakuwa na ruhusa ya kusema mwanangu haendi. Hata hivyo, babu alisema, wazazi wengi hawakulia. Kijana aliyemeta machoni pa Omukama aliweza kubakizwa barazani, akapewa cheo, na hata siku moja akapewa nyarubanja, yaani mashamba pamoja na watu waliokaa humo, ambao kuanzia hapo walimlipa yeye kodi. Aliyeonekana mzembe alirudi kwa baba yake na hadithi tu. Kwa hiyo ilikuwa ni lazima, lakini lazima yenye chambo. Utaratibu huo ulififia ukoloni ulipoingia. Nyarubanja yenyewe iliendelea kuwaumiza watu mpaka Serikali huru ilipoivunja kwa sheria za 1965 na 1968. Huwa najiuliza ni ugomvi mingapi ya viwanja kwetu iliyoanza na kijana mmoja mchangamfu aliyejua kubeba maji vizuri.

Shuleni nilikuta lazima ya namna nyingine. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, na mimi ni mtoto wa miaka hiyo. Mara mbili kwa wiki tulipanda kwenye rweya, zile mbuga za nyasi zilizoko juu ya vijiji vyetu, tukakata nyasi, tukazifunga matita, tukazibeba kichwani kuja kutandaza katika migomba ya shule. Ilikuwa ni kazi ambayo kila mtoto wa Kihaya aliifanya nyumbani bila kuambiwa kwamba anajenga taifa. Pale shuleni tuliifanya kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa na daftari la majina na fimbo. Tuliifanya pia kwa sababu darasa la sita lilitaka kulishinda darasa la saba, kwa sababu wasichana walikuwa wakitazama, na kwa sababu nyimbo zilikuwa nzuri. Ukiniuliza nia yangu ilikuwa ipi kati ya hizo, nitakuambia kwamba mtoto wa miaka kumi na tatu hana nia moja. Anazo tano kabla ya chai.

Lakini somo ambalo sijalisahau nililipata kwa dada yangu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Ziwa Magharibi, kama mkoa wetu ulivyoitwa kabla ya kupewa jina la Kagera mwaka 1979, ulikuwa tayari mmoja wa mikoa minne ya kanda ya ziwa iliyoingizwa mwaka 1968 katika mradi wa majaribio wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, pamoja na Mwanza, Mara na Shinyanga. Madarasa yalihitaji walimu wengi kuliko waliokuwapo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari, watoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita, wakaitwa walimu wa kujitolea na kupewa ahsante ya shilingi 30 kwa mwezi.

Dada alikwenda kwa sababu ya hizo shilingi 30. Alisema hivyo waziwazi mbele ya Tata, na Tata akamjibu kwamba ni sababu nzuri. Sababu ya pili, ambayo hakuisema lakini sote tuliijua, ni kwamba mchana wa darasa ni mchana usio na jembe. Darasa lake lilikaa chini ya mwembe, na wanafunzi wake walikuwa wanawake ambao siku zote aliwapigia magoti kuwaamkia. Sasa walimwita mwalimu. Mara ya kwanza alirudi nyumbani akicheka. Baada ya wiki chache hakucheka tena. Alikaa jioni na taa ya kibatari akipanga somo la kesho, na ole wake aliyegusa chaki zake. Alikuwako bibi mmoja mkali, mwenye vidole vilivyopinda kwa kuchuma kahawa miaka yote, ambaye hakuweza kuishika kalamu. Dada alimfundisha kwa kijiti na mchanga. Siku bibi yule alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza aliliangalia kitambo, kisha akalifuta upesi kwa mguu, kana kwamba kuna mtu angeweza kuliiba.

Posho ilikuwa ikichelewa, miezi miwili, mitatu. Darasa halikufungwa. Nilimwuliza dada kwa nini haachi, akaniambia, "Nikiacha, yule bibi atanitazamaje njiani?" Hakusema taifa, hakusema ujamaa. Alisema njiani. Takwimu za Serikali zinaonyesha kwamba wasiojua kusoma, waliokuwa asilimia 67 mwaka 1967, walishuka hadi asilimia 39 katika mtihani wa taifa wa Agosti 1975. Ninapoisoma tarakimu hiyo namwona msichana aliyeogopa macho ya bibi mmoja. Na elimu ya msingi kwa wote ilipowadia mwaka 1977, na nchi ikawachukua maelfu ya waliomaliza darasa la saba ili wajifunze ualimu huku wakifundisha, dada alikuwa miongoni mwao. Je, alikuwa ameuwinda ualimu tangu mwanzo? Nilipomwuliza uzeeni alisema hakumbuki, na namwamini.

Wakati huohuo nia zilikuwa zinaandikiwa barua. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba mtu asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Amalize JKT, afanye kazi walau miaka miwili, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Kusudi lilikuwa zuri: msomi awajue watu kwanza. Lakini mara tu utumishi unapohitaji barua, kila mtu anaanza kutumikia mbele ya mwenye kalamu. Nami niliitafuta barua hiyo kwa bidii. Nilihudhuria mikutano ya tawi ambayo sikuielewa, na nilikaa mstari wa mbele.

Kambini, kabla ya hapo, nilikuwa nimeona hali ileile kwa wenzetu wa kujitolea. Wao walikuwa na la kupoteza. Afande akitokea, majembe yao yalipanda juu kuliko yetu. Akiondoka, yote yalishuka sawa. Sisi wa sheria tulinung'unika zaidi, kwa kuwa manung'uniko yetu hayakutugharimu kitu. Usiku mmoja mvua kubwa ilibomoa ukingo wa bustani ya miche, na hakuna filimbi iliyopigwa. Waliotoka kwenda kuuziba walikuwa watatu: kuruta mmoja wa kujitolea kutoka kusini, na wawili wetu, mmoja wao kijana wa mjini aliyekuwa bingwa wa kulalamikia maharage. Mimi niliwasikia wakitoka, nikadhani wanakwenda msalani. Asubuhi hawakusifiwa, maana hakuna aliyewataja.

Wataalamu wa Marekani wamejaribu kulipima jambo hili. Jimbo la Maryland liliamua mwaka 1992 kwamba mwanafunzi wa sekondari asipewe cheti mpaka awe ametumikia jamii saa 75. Mwaka 1999 Stukas, Snyder na Clary walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kulazimishwa huwapunguzia hamu ya kujitolea baadaye wale ambao hamu yao ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Wale wenye hamu hawadhuriki sana. Ninaukubali, ingawa nadhani saa zao zilikosa kitu: yule bibi wa kukutana naye njiani.

Kwetu JKT la lazima lilisitishwa mwaka 1994, likarudishwa 2013. Katika pengo hilo Kagera ilikuwa na msiba wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na miaka ya 1990 ilipokuwa ikimalizika, nyumba nyingi za Muleba zilikuwa na bibi na wajukuu, katikati hakuna mtu. Mwaka 2000 huko Nshamba, wilayani kwetu, yatima wenyewe, wa miaka 13 hadi 20 hivi, walianzisha chama chao, Vijana Simama Imara. Waliweka akiba pamoja, walisaidiana, na walikwenda kuwafanyia kazi wazee na wadogo waliokuwa na hali mbaya kuliko yao. Hakuna sheria iliyowaita wala barua iliyowangoja. Lakini nisiwapambe: kijana asiye na baba katika Buhaya anahitaji watu wa kumshuhudia siku ndugu watakapokuja kudai kibanja, na watu hao hupatikana kwa kuwatendea watu.

Miaka hiyo nilipofika likizo nyumbani niliwakuta vijana wanne hivi, si wa chama chochote, wakitandaza nyasi kwenye kibanja cha bibi mmoja jirani yetu. Nikamwuliza mkubwa wao nani amewatuma. "Waitu, hakuna," akasema. "Jumamosi ijayo tuko kwangu." Bibi alikuwa jikoni akiwapikia ndizi. Alinikaribisha, akaniamkia, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watatu wanafanya kazi vizuri, ila yule mrefu anakuja kwa ajili ya chakula. Na akamwongezea yule mrefu sahani.