Yatima wa Bahari

Historia, ewe msomaji, si habari za wafalme na vita peke yake. Namna binadamu anavyomtendea mnyama asiyeweza kujitetea ni historia pia, na pengine hutuonyesha mageuzi ya mioyo ya watu kuliko orodha ndefu ya mapigano. Hebu tuzitazame habari za nyangumi wa kijivu wa pwani ya California.

Nyangumi si samaki. Huzaa, hunyonyesha, na huvuta pumzi kama sisi. Kila mwaka nyangumi hawa husafiri kutoka bahari za baridi za kaskazini, karibu na Alaska, hadi mahori ya Baja California katika nchi ya Mexico, mwendo wa zaidi ya kilomita 16,000 kwenda na kurudi, ili majike wapate kuzaa penye maji matulivu. Utulivu huo ndio uliowaponza. Mwishoni mwa mwaka 1857 nahodha Mmarekani, Charles Scammon, aliongoza merikebu zake hadi hori la Ojo de Liebre. Wawindaji wa siku zile walijua kwamba ndama akichomwa chusa mama hamwachi; basi mtoto akafanywa chambo cha mzazi. Majike walipogeuka na kuzivunja mashua, mabaharia waliwaita samaki wa shetani, kana kwamba kumtetea mwana ni ushetani. Mafuta yao yakawasha taa za mijini, na haukupita muda mrefu mahori yale yakawa karibu matupu.

Polepole watu wakazinduka. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1946 ulizuia uwindaji wa biashara wa nyangumi hawa, na mwaka 1972 Marekani ikatunga sheria ya kuwalinda wanyama wote wa baharini wanaonyonyesha. Nyangumi wa kijivu wakaongezeka, hata mwaka 1994 wakaondolewa katika orodha ya Marekani ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka.

Sasa tazama yaliyotukia Januari 1997. Karibu na Marina del Rey, jirani na jiji la Los Angeles, alionekana ndama jike wa siku chache tu, amepotezana na mamaye, hana nguvu. Uzito wake ulikuwa yapata kilo 760. Usidhani kwamba nyangumi aliyekwama ufuoni huhitaji maji peke yake. Baharini maji humbeba; nchi kavu uzito wake mwenyewe humgandamiza mapafu, na mafuta yaliyo chini ya ngozi, ambayo humkinga na baridi, humfanya apate joto la kumwua. Kwa hiyo huruma bila maarifa haitoshi. Mwokozi hana budi kumlowesha ngozi, kumwacha wazi tundu la pumzi, wala asimburure kwa mkia.

Ndama akapakiwa katika lori, akapelekwa San Diego, katika mabwawa ya SeaWorld, akapewa jina la J.J. Tabu ya kwanza ilikuwa chakula, maana maziwa ya nyangumi yana mafuta mengi mno, wala ya ng'ombe hayafanani nayo. Walezi wakachanganya samaki waliosagwa, malai na vitamini, wakamlisha kwa mpira. Alipokua walimwekea chakula sakafuni mwa bwawa, kwa kuwa nyangumi wa kijivu hujitafutia riziki katika tope la chini ya bahari. Tarehe 31 Machi 1998, baada ya miezi kumi na minne, alikuwa na urefu wa futi 31 na uzito wa yapata kilo 8,700. Meli ya walinzi wa pwani ikamchukua, akateremshwa baharini.

Walikuwa wamemfunga vyombo vya redio ili wamfuate. Vikamtoka baada ya siku chache, na tangu hapo hakuna aliyethibitisha kumwona tena.

Huenda ukauliza: je, kazi ile yote ilikuwa na faida gani? Nyangumi mmoja haliokoi kabila lake. Hesabu ya mwaka 2016 ilionyesha nyangumi wa kijivu wapatao 27,000. Ile ya mwaka 2025 ilionyesha kama 13,000 tu, kwa kuwa chakula kilipungua katika bahari za kaskazini zinazopata joto. Hospitali haiwezi kuponya bahari nzima.

Lakini pima umbali ule. Yapata miaka 140 kabla yake, ndama kama huyu alikuwa chambo. Katika pwani hiyo hiyo, watu wa taifa lile lile wakakesha wakimlisha, wakijua kwamba hatawalipa kitu, wala hatawakumbuka. Wahenga wetu walisema: tenda wema nenda zako. Safari hii aliyekwenda zake ni yule aliyetendewa, na waliobaki ufuoni hawakumdai shukrani.