Uzi: Fundi wa Posta, mkulima wa tumbaku na kijana wa laptopu

Msimu wa siasa ukifika huku Migori na Homa Bay, kuna ahadi moja lazima utaisikia: kazi za kidijitali. Upande mmoja unasema kila wadi itapata kituo chenye kompyuta, na vijana watafanyia kampuni za Ulaya na Marekani kazi wakiwa hapa hapa nyumbani. Upande wa pili unajibu ati hao wageni wanatunyonya, na vijana wenyewe hawana taaluma, wanabofya tu.

Wanabishana idadi ya kazi. Leo tuwaachie hiyo hesabu. Mimi nauliza kingine: zamani nani alimfundisha fundi, na kazi ikiharibika nani alijibu? Na kama kawaida ya hapa, hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

Tuanze na Posta.

Wazee wanamkumbuka fundi wa simu wa Posta, na gari lake la kazi na ngazi juu. Huyo hakuokota kazi mtaani. Shirika lilikuwa na shule yake Mbagathi, Nairobi, iliyoanza 1948 kufundisha mafundi wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Uliajiriwa, ukapelekwa shule kwa gharama ya mwajiri, ukarudi kazini. Ukiunga waya vibaya, msimamizi alijua ni wewe, na mteja alijua aende ofisi gani kulalamika.

Msinielewe vibaya, sitamani Posta irudi. Laini ya simu uliingoja mpaka ukasahau uliiomba, na mvua ikinyesha inakufa. Lakini kitu kimoja walikuwa nacho ambacho leo hatuna: mtu aliyelipia ujuzi wa fundi kwa sababu yeye mwenyewe angeumia fundi akiwa mbovu.

Mwaka 1999 shirika la KPTC likagawanywa: Posta kivyake, Telkom Kenya kivyake, na tume ya kusimamia mawasiliano, CCK. Telkom ikapunguza maelfu ya wafanyakazi, na mwisho wa 2007 asilimia 51 ikauziwa France Telecom. Shule ya Mbagathi haikufungwa. Leo ni Chuo Kikuu cha Multimedia. Kilichobadilika ni mlipaji: zamani mwajiri alilipia fundi wake, sasa mzazi anauza ng'ombe kulipia mtoto wake, na mtoto akimaliza ndio anaanza kutafuta nani atamhitaji.

Sasa twende 2008. Ruwaza ya 2030 ikazinduliwa, na kazi za kufanyia kampuni za nje, hizo BPO, zikawekwa kwenye sekta sita za kuinua uchumi, pamoja na kilimo na utalii. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ikafika Mombasa: TEAMS kutoka Fujairah, kisha SEACOM. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea satelaiti, na bei ilikuwa ya kutisha. Mkongo wa taifa, NOFBI, ukachimbwa kuelekea mashinani. Vikaja vituo vya Pasha vya kupeleka intaneti vijijini, na vingi havikudumu.

Tatizo ni kwamba tulifika sokoni tumechelewa. India na Ufilipino walikuwa na wateja wao miaka mingi. Sisi tukajinadi kwa vitu viwili: Kiingereza kizuri na bei ya chini. Ukijinadi kwa bei ya chini, mnunuzi hana sababu ya kulipia ujuzi wako.

Hapa ndipo Migori inaingia. Mtu wa Migori anaijua biashara hii hata kama hajawahi kushika kompyuta, kwa sababu ni tumbaku.

Kuanzia miaka ya 1970 BAT iliandikisha wakulima wa hapa kwa mkataba. Kampuni inakupa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo. Unalima, unavuna, unakata miti ya kukaushia majani kwenye banda, familia nzima usiku kucha. Unapeleka mzigo kituoni. Pale karani wa kampuni anatazama jani na kulipa gredi. Gredi ndio bei. Halafu mkopo unakatwa, na kinachobaki ndio karo. Huwezi kubishana na gredi, maana mnunuzi ndiye hakimu. Miaka ya karibuni WHO, FAO na WFP wamekuwa wakiwasaidia wakulima wa Migori kuhamia maharagwe yenye madini ya chuma, na si bure.

Sasa chukua kijana wa laptopu. Kompyuta ni yake, bando ni yake, stima ikipotea hasara ni yake. Anachorea visanduku kwenye picha ili akili unde ijifunze hili ni gari, huyu ni mtu. Mtu asiyemwona anampa gredi. Kazi ikikataliwa, hakuna malipo.

Mimi nilifanya hiyo kazi 2021, nikiwa Rongo. Niliweka alama kwenye mataa ya barabarani ya miji ambayo sijui hata iko nchi gani. Wiki ya tano akaunti ikafungwa na pesa yangu ya wiki nzima ndani. Hakukuwa na nambari ya kupiga. Nilibaki natazama skrini kama mtu aliyeachwa na matatu usiku Isebania.

Na kuna tofauti moja inayouma. Kampuni ya tumbaku ilituma afisa wa nyanjani. Alikuja shambani, akakuonyesha nafasi ya miche, akakagua banda. Alikuja kwa faida ya kampuni, sawa, lakini alikuja. Mimi nilipewa video fupi na jaribio la maswali.

Waliopata kazi za ofisini waliondoka kwenda Nairobi. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu Wakenya wa kampuni ya Sama waliosoma maandishi machafu ili kuifundisha programu ya OpenAI. Mkataba ulikuwa dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alipata kati ya dola 1.32 na 2. Sama ilijibu kwamba hiyo 12.50 ilikuwa ya gharama zote, si mshahara tu. Jibu halali, lakini mkulima wa tumbaku akilisikia atacheka, maana pia yeye aliambiwa kuhusu gharama zote.

Tujiseme pia sisi wenyewe. Kuna vijana wengi wenye akili kali walioandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha, kwa akaunti za kukodi zenye majina ya watu wengine. Uingereza ikapiga marufuku biashara hiyo 2022, na mwisho wa mwaka huo ChatGPT ikatoka, soko likayeyuka. Wanaosema taaluma imeshuka hawajakosea hapa. Lakini tazama jinsi inavyoshuka. Mtu anafanya utafiti miaka mitano na hawezi kuuandika popote, kwa sababu jina si lake. Hana wa kumshuhudia kwamba anajua kazi.

Je, serikali ilijaribu kurekebisha? Ilijaribu, na hapa wengi husahau. Mwaka 2016 ukaja mswada wa wataalamu wa teknolojia: uwe na sifa za masomo, usajiliwe, ulipe ada, upewe leseni, kama wahandisi na mawakili. Watu wakaupinga mtandaoni, ukarudi nyuma. Ukaibuka tena 2020, ukapitishwa na Bunge la Taifa Juni 2022, na Ikulu ikakataa kuutia saini.

Mimi nilikuwa upande wa waliopinga, na bado niko huko. Kijana wa saiba ya Awendo anayejitengenezea programu hakustahili kuitwa mhalifu kwa kukosa karatasi. Ila nikiri, tuliopinga tulishangilia na kwenda kulala. Mswada ule uliuliza swali la kweli na kutoa jibu baya. Daktari ana leseni, lakini pia ana hospitali ya kufanyia mafunzo kazini na mkubwa wa kumsimamia. Mswada ulichukua leseni ukaacha hospitali. Chuo Kikuu cha Rongo kimepata hati yake 2016, na Homa Bay mjini kuna chuo kingine ambacho jina lake ni la mwanasiasa, kwa hiyo leo hapa silitaji. Wanaomaliza pale wanahitaji zaidi mwaka mmoja chini ya fundi mzoefu kuliko kadi ya mfukoni.

Na fundi mzoefu atatoka wapi kama kazi zetu kubwa pia zinafanyiwa nje? M-Pesa tunayojivunia ilianza 2007, na mpaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Mitambo ya uchaguzi ya 2017 ilitoka kampuni ya Ufaransa, ya 2022 ikatoka Smartmatic. Kila mara Mkenya anakuwa wa kubeba vifaa na kubonyeza kitufe alichoonyeshwa. Kwa hivyo mkisikia mgombea analalamika kwamba vijana hawana ujuzi, mwulize mfumo wa ushuru wa kaunti unatengenezwa na nani, na ni wahitimu wangapi wa hapa wamewahi kuufungua ndani.

Tumefika wapi sasa? Machi 2024 tovuti ya Remotasks ilifunga huduma Kenya kwa barua pepe, na watu waliokuwa wakiitegemea wakaamka hawawezi kuingia. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema Meta inaweza kushtakiwa hapa na waliokuwa wakichuja video na maandishi ya Facebook jijini Nairobi, ingawa waliajiriwa kupitia kampuni ya kati. Hilo ni kubwa. Kwa mara ya kwanza mwenye kazi anaweza kuulizwa, si dalali wake tu.

Kisha mwishoni mwa mwaka huo huo mswada wa kurekebisha sheria za biashara ukafika Seneti, na ndani yake kifungu cha kuweka mzigo wa madai ya wafanyakazi kwa kampuni ya kati, mteja wa ng'ambo awe nje. Wanaokiunga mkono wanasema bila hicho wateja watakimbilia nchi nyingine. Huenda baadhi watakimbia kweli. Wanaokipinga wanasema ni kumrudisha karani wa gredi na kumfungia mlango mkulima. Sasa mnajua mimi niko wapi.

Wale wa Mbita na Kuria walioniuliza kuhusu kodi ya kazi za mtandaoni, nitawajibu kesho, bando ikibaki. Maswali mengine leteni chini.