Biotiti

Biotiti ni ulanga wa rangi nyeusi, kahawia au kijani kilichokolea. Ncha ya kisu ikipenyezwa ubavuni mwa kipande chake, hubanduka utando mwembamba unaopitisha mwanga wa kahawia. Ukikunjwa kidogo na kuachiwa, hurudi ulivyokuwa. Matabaka yake ya silikoni, alumini, oksijeni, magnesiamu na chuma yameshikanishwa kwa potasiamu, na hapo kwenye potasiamu ndipo yanapoachana. Ugumu wake ni 2.5 hadi 3 katika kipimo cha Mohs.

Jina lilitolewa mwaka 1847 na Mjerumani Johann Hausmann, kwa heshima ya mwanafizikia Mfaransa Jean-Baptiste Biot, aliyechunguza mwenendo wa mwanga ndani ya ulanga. Tangu 1998 wataalamu wa madini hulihesabu kuwa jina la kundi, kuanzia flogopiti yenye magnesiamu nyingi hadi aniti yenye chuma kingi. Wajiolojia walioko kazini bado husema biotiti, na wana haki, kwani kwa macho matupu aina hizo ni vigumu kuzitofautisha.

Katika itale, biotiti ndiyo madoa meusi yanayong'aa kati ya kwarzi na feldispa. Katika miamba geu, kama shisti na naisi, vigamba vyake vimelazwa upande mmoja na mgandamizo, ndiyo maana shisti hupasuka kwa mabamba. Naisi za biotiti ni nyingi katika Ukanda wa Msumbiji, unaopita Kenya na Tanzania.

Haina soko kama ulanga mweupe, lakini thamani yake kwa sayansi ni kubwa. Sehemu ndogo ya potasiamu yake ni nururifu na huoza polepole, baadhi yake ikigeuka kuwa gesi ya agoni. Nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa miaka bilioni 1.25. Mwamba ukiwa na joto kali gesi hutoroka. Ukipoa chini ya nyuzi 300 hivi, hunaswa. Kwa kupima agoni iliyonaswa katika biotiti ya majivu ya volkeno ya Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, wataalamu walijua kwamba nyayo za binadamu wa kale zilizogunduliwa huko 1978 zina zaidi ya miaka milioni 3.6.

Kipimo hicho hutaka biotiti isiyochakaa. Maji na hewa huipokonya potasiamu na kuigeuza vermikuliti, kisha udongo wa mfinyanzi. Ikiwa katikati ya safari hiyo hupata rangi ya shaba na kumetameta mchangani, na wengi huidhania dhahabu. Karai la kuchekechea humaliza ubishi: dhahabu hutuama chini, vigamba vya ulanga huchukuliwa na maji.