Kinyonga wa pembe tatu: Jinsi ya kupima na kudhibiti joto la kizimba

Kinyonga wa pembe tatu, ambaye jina lake la kisayansi ni Trioceros jacksonii, ni mnyama wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Hupatikana katika miteremko ya Mlima Kenya na Mlima Meru, ambako mchana kuna jua la wastani na usiku kuna baridi. Hivi leo anafugwa pia majumbani huko Ulaya na Marekani, na wafugaji wengi hudhani kuwa mnyama wa Afrika huhitaji joto jingi. Dhana hiyo humgharimu maisha.

Kwa nini joto ni muhimu?

Kama watambaazi wengine, kinyonga hutegemea joto la mazingira yake. Huota jua asubuhi ili mwili upate nguvu, kisha huingia kivulini. Asipopata joto la kutosha, chakula hakisagiki vyema tumboni. Likizidi, anaweza kufa kwa muda mfupi. Porini huchagua mwenyewe pa kukaa, lakini kizimbani hana pa kukimbilia.

Kwa sababu hiyo, kizimba hakipaswi kuwa na joto la aina moja kila mahali. Tawi la juu, chini ya taa, huwa na nyuzi joto 27 hadi 29 za Selsiasi. Sehemu ya chini yenye majani huwa na nyuzi joto 21 hadi 24. Usiku taa zote huzimwa, na joto huachwa lishuke hadi kati ya nyuzi 12 na 18.

Namna ya kupima

Vipimajoto viwili vya kidijitali vinahitajika: kimoja kwenye tawi la kuotea joto, usawa wa mgongo wa mnyama, na kingine kivulini. Kipimajoto cha mshale kinachobandikwa ukutani hupima joto la ukuta, wala si la tawi.

Namna ya kudhibiti

Taa huwekwa nje ya wavu ili mnyama asiiguse na kuungua. Huunganishwa na themostati, kifaa kinachopunguza au kukata umeme joto linapofikia kiwango kilichowekwa. Kihisio chake sharti kifungwe imara karibu na tawi. Kikianguka sakafuni penye ubaridi, themostati huendelea kuwasha taa huku mnyama akiungua juu. Mfumo wote hujaribiwa kwa siku nzima kabla ya mnyama kuingizwa. Kizimba cha wavu hufaa kuliko cha kioo, kwa kuwa hupitisha hewa.

Dalili za hatari

Kinyonga aliyezidiwa na joto hupauka rangi na kuachama kinywa. Taa izimwe mara moja na majani yanyunyiziwe maji. Anayehisi baridi huwa mweusi na kutandaza ubavu kuelekea kwenye taa.

Sheria

Biashara ya kimataifa ya kinyonga huyu husimamiwa na mkataba wa CITES, na nchini Kenya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Anayemkuta bustanini amwache hapo alipo. Mlima wake unamtosha kwa jua na baridi.