Syokimau: Stesheni ya Aliyemwona Nyoka

Wakamba husimulia kwamba kabla ya Wazungu kufika Ukambani, mtabiri aitwaye Syokimau alimwona nyoka mrefu akitema moto na moshi, akitoka kwenye maji ya mashariki kuyaendea ya magharibi. Aliona pia watu wenye ngozi kama nyama, wanaosema kama ndege na kubeba moto mifukoni. Moto wa mifukoni wazee waliufasiri kuwa kiberiti. Nyoka hakumsumbua mtu kumfasiri: reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901.

Nyoka huyo alikatiza nyanda za Athi akiwa na haraka ya kwenda ziwani. Ilipita zaidi ya karne ndipo Rais Mwai Kibaki akafungua, Novemba 2012, stesheni yenye jina la bibi huyo, kilomita 16 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Sababu yake ilikuwa barabara ya Mombasa. Mitaa ya Syokimau na Mlolongo ilikuwa imejaa watu waliohamia kutafuta nyumba, na kila asubuhi walikwama barabarani pamoja na malori. (Mlolongo wenyewe ulipata jina kutokana na foleni ya malori kwenye mizani!) Wazo lilikuwa mtu aache gari lake stesheni, apande treni asubuhi, arudi nayo jioni. Makadara na Imara Daima nako zikajengwa stesheni.

Lakini kituo cha mwisho wa njia, kama Syokimau, kina adha yake. Treni inayovutwa na kichwa ikifika, kichwa hufunguliwa, kikazungushwa na kufungwa upande wa pili ndipo safari ya kurudi ianze. Ndiyo maana ujio wa treni za dizeli kutoka Uhispania, zilizozinduliwa Nairobi mwaka 2020, ulikuwa na maana kubwa kuliko rangi zake mpya. Zilikuwa zimekwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, lakini zina chumba cha dereva kila upande: dereva huhama tu, treni ikageuza safari.

Kabla ya hapo, Mei 2017, nyoka wa pili alikuwa amefika. Reli mpya ya SGR kutoka Mombasa haikuingia mjini. Stesheni yake kuu ya abiria, Nairobi Terminus, ilijengwa hapo hapo Syokimau. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya 1,435, kwa hiyo treni yake ya abiria, Madaraka Express, haiwezi kuendelea juu ya njia ya mkoloni. Kwa maoni yangu hapo ndipo Syokimau ilipobadilika, kutoka stesheni ya wafanyakazi wa mjini ikawa mlango wa Nairobi. Msafiri hutumia takriban saa tano kutoka pwani, kisha hushuka na mizigo yake na kutafuta matatu, teksi, au treni ndogo inayosubiri kumfikisha katika stesheni ya zamani mjini, juu ya reli ya nyoka wa kwanza.