Betri iliyokuja na gari: Hudumu muda gani, na dalili za kuchoka kwake

Mfanyabiashara anayepokea gari lililotumika kutoka Japani katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa hukagua kwanza injini, giaboksi, matairi na bodi. Betri huangaliwa mwisho, na mara nyingi kwa swali moja tu: gari linawaka au haliwaki? Swali hilo halitoshi. Gari linaweza kuwaka bandarini wakati wa joto, likapita Morogoro na Iringa bila tatizo, kisha likagoma alfajiri Makambako au Mbeya kwenye baridi, wakati foleni ya Tunduma bado iko mbele. Kwa gari la transiti, siku moja ya kukwama ina gharama ya dereva, maegesho na fundi, na mteja wa Lubumbashi au Lusaka anaendelea kusubiri.

Umri wa betri

Betri ya kawaida ya gari ni ya risasi na asidi. Ina volti 12 na ndani yake kuna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo. Kwa matumizi ya kawaida hudumu miaka 3 hadi 5. Katika miji yenye joto kali si ajabu ikafa kabla ya kutimiza mwaka wa 3, na gari linalotunzwa vizuri kwenye nyanda za juu linaweza kuipitisha mwaka wa 5.

Wengi hudhani baridi ndiyo adui wa betri. Ukweli ni kwamba joto ndilo huila betri polepole: hukausha maji yake na kuharakisha kutu kwenye bamba za risasi. Baridi huja tu kufichua udhaifu uliokwisha kuwapo, kwa kuwa oili ya injini huwa nzito na betri hutoa nguvu kidogo. Ndiyo maana betri iliyochoka Dar es Salaam hufia Njombe.

Ikumbukwe pia kwamba betri iliyokuja na gari si lazima iwe ile ya kiwandani. Japani gari jipya hukaguliwa kwa sheria baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na mara nyingi betri hubadilishwa katika vipindi hivyo. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na magari mengi yanayoingia huko yana umri unaokaribia kikomo hicho. Gari la miaka 7 huenda liko kwenye betri ya pili au ya tatu. Umri wa gari hauelezi umri wa betri. Tafuta tarehe iliyopigwa mhuri kwenye kasha au kwenye kichwa cha betri. Mpangilio wa tarakimu hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini mwaka kwa kawaida unasomeka.

Safari ya meli huiumiza vipi

Gari likizimwa, saa, alamu na kompyuta zake huendelea kula umeme kidogo. Kiasi cha miliampia 20 hadi 50 ni cha kawaida. Hesabu yake ni rahisi. Miliampia 50 kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2 kwa siku. Betri ndogo ya ampia-saa 36 itakuwa tupu baada ya siku 30, hata ikiwa ilipanda meli ikiwa imejaa. Ukijumlisha wiki za baharini na siku za yadi ya bandari, gari nyingi hufika zikiwa na chaji ndogo au bila chaji kabisa.

Tatizo si kuisha kwa chaji peke yake. Betri ya risasi ikilala tupu, chembe za salfeti huganda kwenye bamba zake na kuwa ngumu. Chaji ya baadaye haiwezi kuziyeyusha zote. Kwa hiyo betri mpya iliyolala tupu miezi miwili inaweza kuwa dhaifu kuliko betri ya miaka 3 iliyokuwa ikitumika kila siku.

Kuliwasha gari kwa kubusti na kuliacha liungurume nusu saa hakuijazi betri. Inahitaji chaja na muda. Kwa betri ya ampia-saa 45, ampia 4 hadi 5 kwa saa 10 au zaidi ni kipimo kizuri. Chaji ya haraka ya saa moja huchemsha maji na kuipunguzia maisha.

Dalili za betri inayochoka

- Starta inazunguka kivivu asubuhi, hasa siku ya kwanza baada ya gari kulala siku mbili tatu.
- Ukipiga swichi unasikia mlio wa "tik-tik-tik" na taa za dashibodi zinafifia.
- Taa za mbele hufifia injini ikiwa taratibu na kung'aa ukikanyaga mafuta. Hii inaweza pia kuwa dalili ya alteneta.
- Saa na redio zinajifuta kila unapowasha gari.
- Kasha la betri limevimba ubavuni. Betri ya namna hii isichajiwe wala kubustiwa.
- Harufu kama ya yai bovu karibu na boneti.
- Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Huu pekee hauna maana kwamba betri imekufa. Legeza, safisha kwa maji ya moto na magadi ya kuokea, kaza tena, ndipo upime.
- Betri ya maji inayohitaji kuongezwa maji kila wiki.

Kuipima kabla ya kulipa

Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha. Gari lilale saa kadhaa bila kuwashwa, kisha pima kwenye vichwa vya betri:

- Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
- Volti 12.4: takriban robo tatu.
- Volti 12.2: takriban nusu.
- Volti 12.0: takriban robo.
- Karibu volti 10.5, hata baada ya kuchajiwa: huenda chumba kimoja kimekufa. Hiyo haifai kuuziwa mtu.

Kisha mtu mmoja awashe gari huku mwingine akitazama mita. Wakati starta inazunguka volti zisishuke chini ya 9.6. Betri inayoonyesha 12.6 ikipumzika lakini ikaanguka hadi 8 wakati wa kuwasha imekwisha, hata kama leo gari limewaka.

Betri au alteneta?

Injini ikiwa inaunguruma, mita isome kati ya volti 13.7 na 14.7. Ikibaki kwenye 12 na kushuka, alteneta au mkanda wake ndio wenye kasoro, na betri mpya nayo itakufa njiani. Ikizidi 15, alteneta inachaji kupita kiasi na itachemsha betri yoyote itakayofungwa.

Baadhi ya mafundi hupima alteneta kwa kung'oa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Kwa gari za zamani zisizo na kompyuta madhara yalikuwa machache. Kwa gari za leo umeme unaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta, ambayo bei yake ni mara nyingi ya bei ya betri. Mwenye gari asikubali.

Kubusti kwa usalama

Betri hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake ushikwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Kuondoa ni kwa mpangilio wa kinyume. Sigara iwe mbali.

Kusoma namba ya betri

Betri za Japani zina namba kama 46B24L au 65D31R. Namba ya kwanza ni kiwango cha nguvu. Ikiwa kubwa, nguvu ni kubwa. Herufi ya kati ni ukubwa wa kasha kwa upana na kimo. Tarakimu mbili zinazofuata ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, ni upande vilipo vichwa. Ukinunua R badala ya L, nyaya hazifiki, au fundi anazivuta kwa nguvu na kuzalisha moto baadaye. Madukani majina ya zamani bado yanatumika: NS60 ni familia ya B24, N50 ya D26, na N70 ya D31 inayofungwa kwenye pikapu na magari ya dizeli.

Gari zinazozima injini zenyewe kwenye foleni hutumia betri maalumu zenye alama kama M-42, N-55 au Q-85. Ukiweka ya kawaida huko, haitachukua muda.

Haibridi na umeme

Gari la haibridi kama Toyota Prius au Aqua lina betri mbili. Ndogo ya volti 12 huamsha kompyuta; ikifa, gari haliandiki "READY" ingawa betri kubwa ni nzima. Wanunuzi wengi wametozwa pesa ya betri kubwa wakati tatizo lilikuwa kwenye hii ndogo. Betri kubwa mara nyingi hufika miaka 8 hadi 10 au zaidi. Dalili zake ni kipimo cha chaji kupanda na kushuka haraka, injini kuwaka kila mara, feni ya betri kupiga kelele na taa ya onyo. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Zisiguswe na fundi asiye na mafunzo.

Kwa Nissan Leaf, tazama vijisehemu 12 vya uwezo wa betri kwenye dashibodi kabla ya kununua. Vikipungua havirudi, na kijisehemu cha kwanza kinapopotea, betri imekwisha kupoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake.

Betri chakavu na mpaka

Betri iliyokufa ina bei, kwa sababu ya risasi iliyomo. Lakini Mkataba wa Basel wa 1989 huihesabu kuwa taka hatari, na kuivusha mpaka kunahitaji idhini ya mamlaka za mazingira za nchi husika. Anayepakia betri chakavu kwenye lori kama chuma chakavu cha kawaida anahatarisha mzigo wote.

Sababu ya sheria hizo inaonekana Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofungwa mwaka 2014 kiliwaachia wakazi, wakiwamo watoto, sumu ya risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Asidi isimwagwe mtaroni, na betri isivunjwe nyumbani.

Kwa ufupi

Andika namba ya betri na uipige picha siku gari linapotoka bandarini, ili kilichotoka kilingane na kinachofika. Ichaji kikamilifu kwa chaja kabla ya safari. Ipime ikiwa imelala na wakati wa kuwasha. Ikizidi miaka 3 na ikashindwa kipimo kimoja, ibadilishe mjini, palipo na maduka na bei za kulinganisha. Bei ya betri moja inajulikana mapema. Gharama ya kukwama mpakani haijulikani mpaka umekwama.